Tagi kwa Trey Smith sawa, lakini Thuney je? Naomba ushauri kabla ya Jumatano

Mwana wa Kigoma (Jumapili, 2 Machi 2025)

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Kansas City. Jumapili za msimu tunakutana watu wanane nyumbani kwa kaka mmoja, Watanzania, Wakongo na Mkenya mmoja. Tunapika, tunaangalia Chiefs, timu ya mji huu ya mpira wa Kimarekani (NFL). Msimu ukiisha tuna mchezo wetu wenyewe: kila mtu anakabidhiwa sehemu moja ya timu, anakaa kwenye kiti cha meneja mkuu, analeta mpango wa usajili kwa mikataba halisi, kisha wenzake wanambana maswali. Mwaka huu nimekabidhiwa safu ya mbele, wale watano wanaomlinda kwotabeki, mrusha mipira: senta katikati, gadi kila upande wake, kisha mlinzi wa pembeni kila upande. Nawasilisha Jumatano, na nimekwama.

Kikomo cha mishahara kwa 2025 ni dola milioni 279.2 kwa timu nzima. Gadi wa kulia, Trey Smith, amemaliza mkataba wake, na klabu imemwekea tagi, ile haki ya kumzuia mchezaji mmoja kwa mwaka mmoja zaidi kwa bei iliyopangwa na ligi. Bei yenyewe ni milioni 23.4. Gadi wa kushoto, Joe Thuney, amebakiza mwaka mmoja na anakula karibu milioni 27 za kikomo. Magadi wawili tu, milioni 50! Katikati yao yupo senta, Creed Humphrey, ambaye Agosti iliyopita alipewa miaka 4 kwa milioni 72. Na bado kuna Mahomes, kwotabeki wetu, kuna Chris Jones wa safu ya ulinzi, nao wanataka pesa zao.

Ningekuwa na mlinzi wa pembeni kushoto wa kueleweka nisingelalamika. Lakini msimu uliopita nafasi ile ilipita mikononi mwa Suamataia, Wanya Morris na D.J. Humphries, mwisho kocha akamng'oa Thuney kwenye ugadi akampeleka huko. Tarehe 9 Februari, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, tukaona matokeo: Eagles wa Philadelphia 40, sisi 22, Mahomes ameangushwa mara 6, na wale hawakuhitaji kutuma hata mtu mmoja wa ziada kumkimbiza.

Niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Super Bowl ya Februari 2021 dhidi ya Tampa Bay, walinzi wetu wote wawili wa pembeni, Fisher na Schwartz, walikuwa majeruhi. Kuna mpira mmoja Mahomes aliurusha mwili wake ukiwa umelala hewani, sambamba na nyasi, kabla hajagusa chini. Ukamfikia mwenzake usoni kabisa, ukadondoka. Tulifungwa 31 kwa 9. Tangu usiku ule mimi mechi naanza kuiangalia kwa wale watano, mpira baadaye.

Ungekuwa wewe, unamwacha nani aende?

Mpiga Hesabu wa Temeke

Mkuu, jambo la kwanza: hiyo 23.4 usiichukulie kama bei ya Smith. Hiyo ni saa inayohesabu. Mpaka tarehe 15 Julai wana ruhusa ya kukaa naye wakaandika mkataba mrefu. Ikipita hapo anacheza kwa tagi mwaka huu basi.

Tagi ni mbaya kwa kikomo kwa sababu yote inahesabiwa mwaka huu huu. Mkataba mrefu una dau la usajili, pesa anayopewa mchezaji anaposaini, na dau unaruhusiwa kuligawa hadi miaka 5. Tuchukue mfano wa kwangu tu: unampa miaka 4, dau milioni 40, mshahara wa mwaka wa kwanza milioni 2. Mfukoni mwake kimeingia milioni 42, lakini kwenye kikomo cha 2025 unahesabiwa 10 ya dau na 2 ya mshahara. Kumi na mbili! Umemlipa zaidi na umebakiwa na nafasi zaidi.

Lingine ambalo wengi hawalijui: hesabu ya tagi haimtenganishi gadi na mlinzi wa pembeni. Wote wa safu ya mbele wako kapu moja, na walinzi wa pembeni ndio wanaolipwa sana. Kwa hiyo ukimwekea gadi tagi, unamlipa kama mlinzi wa pembeni. Wakala wake analijua hilo na hatashuka chini ya hapo kirahisi.

Na msisahau ya Orlando Brown, aliyekuwa mlinzi wetu wa pembeni. 2022 walimwekea tagi ya milioni 16.6, wakashindwa kuelewana, mwaka uliofuata akaenda zake Cincinnati kwa miaka 4, milioni 64. Klabu ilibaki mikono mitupu, ikabidi impe Jawaan Taylor, mlinzi wa pembeni mwingine, miaka 4 kwa milioni 80.

Dada wa Tanga

Samahani jamani, mimi ni mgeni wa mchezo huu, mume wangu ndiye mshabiki. Hawa watu hata mpira hawaugusi. Kwa nini gadi alipwe zaidi ya mtu anayefunga?

Namba 74

Dada yangu, swali lako ni zuri, na nitalijibu kwa urefu kidogo kwa sababu nilicheza ugadi miaka mitatu nikiwa sekondari huku Ohio.

Ugenini kelele zikizidi, senta hasikii sauti ya kwotabeki. Anakuwa ameinama, macho mbele. Gadi ndiye anayegeuza shingo nyuma, anamwona kwotabeki akitoa ishara, kisha anamgusa senta kwa mkono. Ukichelewa kumgusa, au ukimgusa halafu wewe mwenyewe ukachelewa kuondoka, mtu wa kilo 140 ameshakupita begani.

Halafu kuna kitu kinaitwa kupishana. Yule anayekukabili wewe anakimbilia nje kumgonga mwenzako wa pembeni, na wa pembeni anazunguka nyuma yake kuja kwenye tundu uliloliacha. Kocha wangu alitufundisha hivi: mtu wako akikuacha kirahisi, jua kuna mwingine anakuja. Unamkabidhi huyo kwa jirani yako kwa kiganja, mkono wa pili unamsubiri mgeni. Hiyo hamwezi kuifanya na jirani mliyekutana naye jana. Inataka mazoezi ya pamoja, mpaka unajua pumzi yake.

Ndiyo maana naona kosa la msimu uliopita watu hawalisemi sawasawa. Thuney alipohamishwa kuziba pengo la kushoto, nafasi mbili ndizo zilizobadilika: yeye kawa mgeni pembeni, na Caliendo kawa mgeni kwenye ugadi. Humphrey upande wake wa kushoto akawa na jirani mpya mwisho wa msimu. Mkuu Mwana wa Kigoma, mpango wowote utakaoleta, mlinzi wa pembeni atoke nje ya klabu. Usimhamishe mtu wa ndani tena.

Mama Eliya

Mimi napinga kuuzwa kwa Thuney. Mtu amechaguliwa kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi 2023 na 2024. Alikuja 2021, tulipokuwa tumebomoka baada ya ile ya Tampa, na amekaa pale bila kutetereka. Alipoombwa kuhama nafasi yake akahama, hatukusikia neno. Leo tumwambie asante nenda? Smith naye nampenda sana. Kijana aliyekuwa na damu iliyoganda mapafuni akiwa chuoni Tennessee, timu zikamwogopa kwenye drafti, zile zamu za kuchagua vijana wa vyuo, mpaka raundi ya 6, namba 226, na leo yuko hapa. Siwezi kuchagua kati yao. Wabaki wote. Kikomo kila mwaka kinapanda, pesa isukumwe mbele.

Mpiga Hesabu wa Temeke

Mama Eliya, shikamoo. Kusukuma mbele inawezekana kabisa: unageuza mshahara wa mwaka huu kuwa dau, unaligawa, na mkataba ukiwa mfupi unaongeza miaka hewa mwishoni, miaka ambayo mchezaji hatakuwepo ila deni litakuwepo. Shida ni kwamba lile deni halifutiki. Mchezaji akiondoka, vipande vyote vilivyobaki vinakuangukia. Watazame New Orleans Saints, miaka na miaka wanaingia msimu wa usajili wakiwa wamezidi kikomo kwa makumi ya mamilioni, wanaanza kupanga upya mikataba ya watu kabla hawajamfikiria mchezaji mpya.

Ukimsukumia mbele mtu wa miaka 25 kama Smith, utakuwa naye deni likiiva. Thuney ana miaka 32.

Shabiki wa Tai, Philadelphia

Ndugu zangu wa Kansas City, poleni kwa ya Februari, nasema kwa moyo safi. Nieleze sisi tunavyofanya, maana naamini safu yetu ndiyo iliyotupa kombe.

Sisi tunawahi. Jordan Mailata alikuja 2018 kutoka Australia, mcheza ragbi ambaye hakuwahi kucheza mpira huu hata siku moja, drafti namba 233. Mwaka 2021, mara tu alipothibitisha nafasi yake, akapewa miaka 4 kwa milioni 64. Wakati ule kikomo kilikuwa milioni 182.5. Kwa 2025 ni 279.2. Mkataba ulioonekana mzito ukawa mwepesi wenyewe. 2024 wakamwongezea miaka 3 kwa 66, na Landon Dickerson, gadi, miaka 4 kwa 84.

Kuchelewa ndiko kunakoua. Nyinyi mlimngoja Smith mpaka mkataba ukaisha. Katikati hapo Dickerson akachukua 84, Robert Hunt akaenda Carolina kwa miaka 5, milioni 100. Kila saini ya gadi mwingine ilimpandisha Smith bei akiwa amelala.

Ila kitu cha pili: si kila nafasi inunuliwe ghali. Gadi wetu wa kulia msimu huu alikuwa Mekhi Becton, mlinzi wa pembeni ambaye New York walikuwa wamemkatia tamaa. Mwaka mmoja, pesa isiyozidi milioni 5.5, kocha Stoutland akamgeuza gadi. Lipa nguzo tatu, mbili zijenge mwenyewe. Mimi ningemuuza Thuney sasa, wakati bado kuna anayemtaka.

Mwana wa Kigoma (Jumatano, 5 Machi)

Wakuu, nimesoma kila neno. Usiku wa jana nikaandika: Smith abaki kwa mkataba mrefu, Thuney auzwe, milioni 16 zitakazopatikana ziende kwa mlinzi wa pembeni kutoka nje. Nimeandika jina la Thuney nikalifuta mara tatu. Asubuhi nimetoka kazini, nafungua simu kwenye maegesho: Thuney ameuzwa Chicago, kwa chaguo la raundi ya 4 la drafti ya 2026. Nimekaa ndani ya gari muda. Kukisia sawa hakujanifurahisha nilivyodhani.

Mama Eliya, nilikufikiria wewe.

Mama Eliya

Ahsante mwanangu. Chicago wamepata mtu.

Mwana wa Kigoma (MREJESHO, Jumanne, 15 Julai)

Wakuu, nilisubiri tarehe hii kabla ya kuleta mrejesho, na siku ya mwisho kabisa imekuja na habari: Smith amesaini miaka 4, milioni 94, kati yake 70 ni za uhakika. Kufikia sasa, Julai 2025, hakuna gadi aliyewahi kulipwa hivyo kwa wastani wa mwaka.

Lile suala la mlinzi wa pembeni nalo limefanywa karibu kama Namba 74 alivyosema. Jaylon Moore ametoka San Francisco kwa miaka 2, milioni 30, na kwenye drafti namba 32 wakamchukua Josh Simmons wa Ohio State, aliyeumia goti Oktoba. Thuney naye Bears wa Chicago wamemwongezea miaka 2 kwa milioni 35, na nimefurahi kwa ajili yake.

Kwenye kikao chetu mpango wangu ulipita, lakini Mkongo mmoja aliniuliza swali moja nikakosa jibu: umemwondoa gadi bora wa ligi, nani anakaa pale? Nilisema Suamataia. Akaniuliza, yule yule aliyeshindwa pembeni wiki ya 2 dhidi ya Cincinnati? Nikanyamaza. Sasa naona anatajwa kweli kuanza kwenye ugadi wa kushoto. Namba 74, mechi za maandalizi ziko karibu. Nimtazame wapi nijue kama ameiva?

Namba 74

Mguu wa ndani, mkuu. Pembeni alizoea kurudi nyuma kwa hatua ndefu kwa sababu kuna uwanja mpana wa kulinda. Gadi hana uwanja, hatua ya kwanza ni fupi na karibu haimwondoi pale alipo. Akirudi sana, Mahomes hana pa kusimama. Kisha angalia watu wakipishana mbele yake: je, anamfuata yule wa kwanza mpaka nje, au anamwachia jirani na kubaki akimsubiri wa pili? Mpe robo mbili za mchezo, utaona.

Na mwangalie Humphrey. Akiwa anageuza kichwa kushoto kabla ya kila mpira kumwambia kitu, bado.