Wakuu naombeni ushauri, Jumamosi hii natakiwa kwenda Prague ila roho inasita

Msomi Njiani
Wakuu habari za muda huu. Niende kwenye mada. Mimi ni mwanafunzi wa masters hapa Leipzig, Ujerumani, mwaka wa pili. Tangu nimefika nilijiwekea utaratibu, Jumatatu mpaka Ijumaa kitabu, wikiendi natembea. Tikiti yetu ya wanafunzi inapanda treni za mikoa nchi nzima, zile za kasi tu ndo hairuhusu, kwa hiyo nimeshamaliza Dresden, Weimar, Berlin, mpaka Görlitz kule ambako unavuka daraja kwa miguu ushaingia Poland, unakula pierogi unarudi zako. Paris nilienda na basi usiku kucha, mgongo ulikoma. Sasa Jumamosi kuna safari ya Prague, kule Czech, na washkaji, tikiti nishakata na hela hairudi. Ila tangu juzi silali, nina wasiwasi tu. Niende nisiende? Matusi hapana.

kobe_mbishi
Mtu yuko Ulaya halali kwa sababu ya kwenda kutembea, mimi Mbagala silali kwa sababu ya kodi. Nenda mkuu utuletee picha.

Mama Wawili Bremen
Nenda mdogo wangu, Prague pazuri. Ile saa ya mnarani ipo tangu 1410, ikigonga mitume wanapita dirishani na kuna mifupa inavuta kengele, watu wote mmekodoa macho juu ndo muda wa vibaka huo, begi weka mbele. Wanatumia koruna sio euro, wale wa kubadilisha hela barabarani achana nao kabisa. Mimi nilienda 2011 na mume wangu, Mungu amrehemu, tukanunua glasi sita za kioo, kwenye treni akazikalia. Tulinuniana mpaka Hannover. Imebaki moja naitunzia funguo.

Mtu wa Lindi
Berlin ulienda, je ulipita makumbusho ya viumbe kumuona mjusi wetu? Yule dinosaria wa Tendaguru, mita 13.27 kwenda juu, amechimbwa kwetu kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, muulize Mtanzania yeyote kama anamjua. Watu mnaenda kupiga picha na ukuta, mwenzenu yuko pale miaka yote hajatembelewa na ndugu hata mmoja.

kobe_mbishi
Sasa akamtembelee ampelekee nini, machungwa?

Dogo Ngarenaro
Paris kiingilio cha makumbusho ya Louvre bei gani mkuu? Nina mpango huo.

Msomi Njiani
Mimi niliingia bure. Ukiwa mkaazi wa Ulaya na hujafika miaka 26 hulipi, unaonyesha kadi ya kibali tu, mimi nina 25. Halafu nilienda Jumanne, foleni hakuna kabisa, Mona Lisa nimemuangalia mpaka nikamchoka.
@Mtu wa Lindi nilimuona mkuu, mrefu kweli.

Wakili wa Mtaa
Mleta uzi, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya basi. Unaogopa nini hasa? Paspoti unayo? Kibali kinaisha lini?

Msomi Njiani
Paspoti ninayo, mpaka 2031. Kibali nacho ninacho.

Wakili wa Mtaa
Sijauliza kama unacho. Nimeuliza kinaisha lini.

Dogo Ngarenaro
Naona kuna mtu anaandika anafuta, anaandika anafuta

Msomi Njiani
Kiliisha tarehe 3 mwezi huu. Sasa kabla hamjanirukia naombeni mnielewe, huku ni Schengen, mpaka haupo, Görlitz nimevuka mara nne hata mbwa hajanibwekea. Na washkaji wote wanaenda, nikibaki wataniuliza kwa nini, nitawajibu nini?

Wakili wa Mtaa
Utawajibu kibali kimeisha, ni maneno mawili tu. Ndugu, kwenda Prague hakuna atakayekugusa. Kurudi sasa. Ujerumani walirudisha ukaguzi mipaka yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, basi linasimamishwa, polisi anaingia anakusanya paspoti siti kwa siti. Hujui kama ni basi lako au la nyuma yake. Ungeomba kuongezewa kabla hakijaisha wangekupa ile karatasi yao, Fiktionsbescheinigung, unabaki kihalali mpaka wajibu. Uliomba?

Msomi Njiani
Bado.

Wakili wa Mtaa
Kwa nini?

Msomi Njiani
Wanataka uonyeshe hela ya kujikimu, euro 11,904 ya mwaka mzima, na mimi kwenye akaunti haijafika hata robo. Nyingine nilimtumia mdogo wangu wa Moro anunue bajaji, ikitulia atarudisha. Sio kwamba nimekula. Halafu jamani nikijifungia chumbani Jumamosi kibali kitajiongeza chenyewe? Sasa si bora nitembee.

Mtumishi wa Haki
Kijana, wazazi wako nyumbani wanasema mtoto yuko Ulaya anasoma, kumbe mtoto anazurura. Enzi zetu tulisoma Urusi baridi digrii kumi na tano chini ya sifuri, koti moja watu wawili, hatujui Prague iko wapi na tulirudi na vyeti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

kobe_mbishi
Na humu kila mtu anaitwa mkuu, guu lake halina pa kupona

Mama Wawili Bremen
Msimtukane. Mdogo wangu, kesho asubuhi nenda idara ya wageni, usisubiri miadi ya mtandaoni, kapange foleni waeleze umechelewa. Siku chache wanaweza kukuelewa, miezi hapana. Bajaji ya aina gani hiyo ya euro elfu ngapi?

Paka wa Kariakoo
Hii chai wazee, na haina hata tangawizi. Rudini juu msome. Anasema Louvre aliingia Jumanne, foleni hakuna. LOUVRE JUMANNE INAFUNGWA. Ndo maana hakukuwa na foleni! Huyu yuko Tandika na bando la buku.

Dogo Ngarenaro
Hahahaa nimecheka mpaka nimekohoa. Mods futeni.

Mtu wa Lindi
Nilishangaa, mtu amemuona mjusi wa Tendaguru anasema "mrefu kweli" basi imeisha.

Msomi Njiani
Nimechanganya siku, ilikuwa Jumatatu. Picha ninazo ila zina sura za watu siwezi kuweka humu.

Wakili wa Mtaa
Mimi chai siioni bado, naona kingine. Umesema Jumatatu mpaka Ijumaa ni kitabu. Jumatatu hiyo ulikuwa Paris unafanya nini?

Msomi Njiani
Muhula huu sijajisajili. Ada ya muhula ilikuwa kwenye hela ileile.

Wakili wa Mtaa
Kwa hiyo hata tikiti ya wanafunzi huna. Görlitz unaendaje?

Msomi Njiani
Naangalia mkaguzi akiingia behewa la mbele nashuka.

Mama Wawili Bremen
Ee Mola.

Paka wa Kariakoo
Bado nasema chai. Weka picha ya tikiti ya basi, ficha jina.

Mtumishi wa Haki
Mimi nilisema.

(Jumamosi)

Dogo Ngarenaro
Mleta uzi kimya. Alienda idara ya wageni au?

kobe_mbishi
Yuko Tandika bando limeisha

Msomi Njiani
Wakuu niko Prague. Idarani nilienda Ijumaa nikakuta wamefunga, nikasema sio kosa langu. Saa nimeiona, mifupa inavuta kengele kweli dada. Washkaji wamenogewa wanalala mpaka kesho, mimi hela ya hosteli sina narudi peke yangu, basi linaondoka saa mbili usiku. Swali langu, polisi wakipanda huwa wanaanzia siti za mbele au za nyuma?

Wakili wa Mtaa
Wanaanza na wewe.

Paka wa Kariakoo
Picha ya tikiti.