Tupeane uzoefu: mapenzi yalipangwa vitabu vitatu, nani aliwaambia wafike vitano?

Kabati la Chini (Dar es Salaam)

Wadau, za jioni. Mada ya wakubwa hii, wenye vipindi kesho asubuhi wakalale.

Nimemaliza kukirudia Captivated by You, kitabu cha nne cha Gideon na Eva, na hasira zimerudi mbichi kabisa. Kwa wageni: ni ule mfululizo wa Crossfire wa Sylvia Day, Eva Tramell na tajiri wake Gideon Cross, New York. Viwili vya kwanza vilitoka mwaka mmoja, 2012, Aprili na Oktoba. Cha tatu Juni 2013. Tuliambiwa ni vitatu, tukajipanga kwa vitatu. Mara vikawa vitano! Cha nne Novemba 2014, cha tano Aprili 2016. Hesabuni wenyewe: miezi 17 kusubiri cha nne, miezi 17 mingine kusubiri cha tano. Mimba mbili kasoro mwezi, kila kimoja.

Vitatu vya mwanzo nilivisoma hosteli. Nakala moja, vyumba sita. Ratiba tuliibandika ndani ya mlango wa kabati, kila chumba siku mbili, ukichelewesha unawanunulia wote chipsi. Cha pili kilirudi kwangu na doa la mafuta kwenye ukurasa ambao wote mnaujua, sisemi ni upi. Cha nne kilinikuta Mbezi, mtoto ana miezi mitatu, nasoma saa nane usiku kwa tochi ya simu huku ananyonya.

Sasa dukuduku langu. Kwenye vile vitatu anayesema ni Eva peke yake. Gideon unamwona kwa nje: ananuna, anaondoka, anarudi, hujui kichwani mwake kuna nini, na hicho ndicho kilichotunyima usingizi. Cha nne kapewa sura zake, anapokezana na mkewe kusimulia. Ananieleza anavyompenda, anavyoogopa, halafu anavyompenda tena. Steringi akishafungua mdomo hivyo, kwangu anakuwa kama mume yeyote anayesimulia foleni ya Mwenge.

Nanyi semeni. Kitabu cha mbele, yaani cha mwendelezo, cha mfululizo wowote wa mambo yetu haya, kilikukuta wapi na kikakufanya nini? Masharti mawili: hakuna kuomba PDF, na hakuna kubandika vipande vya chumbani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, mimi nina mtoto wa kulea.

Siti ya Dirishani (Nairobi)

Dadangu, wewe shukuru. Gideon wako alau alisonga mbele.

Mimi nilikuwa wa Christian Grey, yule bwana wa Fifty Shades of Grey, na Ana wake. Vitabu vyote vitatu nilinunua kwa wale wa kutandaza chini, Moi Avenue, nikavisoma ndani ya matatu za Githurai nikiwa nimevivalisha gazeti. Februari 2015 filamu yake ikapigwa marufuku hapa Kenya. Ghafla kila mtu ofisini, hata wale wa maombi ya saa saba, akawa anataka kuazima kitabu. Nikajiona mwalimu.

Juni mwaka huo huo kikatoka Grey. Nikasema haya, filamu nimekosa, kitabu kipya sitakosa. Jameni! Ni hadithi ile ile ya kitabu cha kwanza, ila sasa msimuliaji ni bwana. Mazungumzo yale yale, barua pepe zile zile. Nilikuwa najua Ana atajibu nini kabla hajajibu. Nilikuwa nasubiri huyu mtu aniambie siri, kumbe siri zote mwenzake alishazimwaga. Ni kama jirani aje kukuhadithia harusi uliyohudhuria, tena wewe ndiye uliyekuwa ukigawa keki.

Mwandishi akafanya hivyo kwa cha pili, 2017, na kwa cha tatu, 2021. Hicho cha mwisho nilipewa zawadi. Kinazuia dirisha la jikoni lisigonge.

Mgeni Njaa

Nani ana PDF ya hivyo vya Gideon?

Kabati la Chini (Dar es Salaam)

Umesoma masharti?

Mgeni Njaa

Nilikuwa nauliza tu bi dada.

Itaendelea (Morogoro)

Naomba niwatetee waandishi, maana na mimi ni mkosaji.

Mimi natunga chombezo, hadithi za mapenzi za kikubwa. Nauza kwenye makundi ya WhatsApp. Utaratibu wetu mnaujua: sehemu kumi za kwanza naziweka bure Facebook ili watu wanase, baada ya hapo ni mia tano kwa sehemu tano, unatuma hela, admini anakuingiza kundini. Hadithi yangu hii niliipanga sehemu 30. Daftari ninalo hapa mezani. Mwisho umeandikwa kwa kalamu nyekundu: wanafunga ndoa, wanahamia Mikumi, basi.

Sehemu ya 28 admini akanipigia. "Kaka, watu wana arosto mbaya. Ukimaliza wanahama kundi." Nikatazama daftari, nikatazama ada ya shule ya mtoto. Sehemu ya 29 nikamrudisha mchumba wa zamani.

Siku hizi niko 112.

Hapo ndipo utajua ubaya wa kurefusha. Mwanzoni huyu binti na kijana waligusana vidole tu wakishika bomba la daladala, na kundi zima likaandika "uwiiii". Sehemu ya 60 nilikuwa nimemaliza vyumba vyote vya nyumba ile. Nikahamia stoo. Nikawapeleka shamba la mpunga. Msomaji mmoja akanitumia ujumbe: "Kaka, hawa watu magoti hayawaumi?" Nilicheka, lakini usiku sikulala, kwa sababu alikuwa kasema kweli. Nilishaacha kuandika watu wawili wanaotamaniana. Nilikuwa napanga samani.

Na kumbukumbu inakimbia. Sehemu ya 87 shangazi yake binti alifungua mlango, akawakaribisha pilau. Yule shangazi nilimzika sehemu ya 41, na watu walilia, kuna aliyenitumia hela ya rambirambi. Kumbe kuna mama Ifakara ana daftari lake anaandika kila kitu: nani kafa, nani ana mimba, gari la bosi ni rangi gani. Akaniuliza mbele ya kundi, kwa heshima kabisa, "Mwanangu, huyu aliyepika pilau ni nani?" Nikasema ni pacha. Tangu hapo namtumia bure, na kabla sijatupia sehemu mpya anaisoma yeye kwanza.

Kwa hiyo dada, mwandishi wako nilipoona kapeleka vitatu hadi vitano sikushangaa. Msomaji anasema amechoshwa, ila ile mia tano anaituma. Mwisho hautaki.

Kabati la Chini (Dar es Salaam)

Kaka Itaendelea, nimecheka hadi mtoto kaamka. Ila usinisingizie, mimi mwisho nilikuwa nautaka! Cha tatu wameshafunga ndoa ya siri, nikafunga na kitabu.

Mwalimu Chaki (Songea)

Sisi wa zamani hatukuteswa na vitabu vya mbele. Vitabu vya David Maillu, yule mwandishi Mkenya wa mambo haya haya, vilipigwa marufuku hapa Tanzania 1976, kwa hiyo nakala iliyotufikia bwenini ilikuwa imeshatolewa jalada, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Kila mmoja alijitungia mwisho wake. Wa kwangu sitausema hapa, nina wajukuu.

Ubani wa Ruwi (Muscat)

Assalaam aleikum wanangu. Mie nnapinga. Kitabu cha nne ndicho bora kuliko vyote, na nitakwambieni kwa nini.

Miye nimeolewa Unguja. Nimewekwa ndani siku saba, somo wangu kanifunda kila kitu. Namna ya kufukiza nguo, namna ya kupokea mume, khanga ipi avae mtu siku ipi, na mengine ambayo mwenye mada kakataza yasitajwe. Vitabu vya mwanzo vya mapenzi haya vyote ni kama siku saba zile: watu wawili wanatafutana, wanapatana, mlango unafungwa. Nilivisoma nikaona huyu mwandishi angefaa kuwa somo.

Lakini mie siku saba zangu zilikwisha zamani. Niko Ruwi, mwaka wa tisa wa ndoa. Nani alinifunda mwaka wa tisa? Hakuna. Somo alishapewa zawadi zake akenda zake.

Basi hicho cha nne kimenikuta mume wangu hasemi. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, anakula, analala kanipa mgongo. Nilidhani kapata mwanamke. Mara nnasoma kitabu, Gideon huyu huyu mnayemlalamikia kuwa maneno mengi. Ameshaoa, mke yumo ndani, na bado anaficha mambo kwa kusema anamlinda. Analala usiku anaota mabaya ya utotoni mwake, hata mkewe inabidi ajihadhari naye kitandani. Na Eva naye kabeba yake. Wote wawili waliharibiwa wadogo, na mwandishi hakusema "wamepatana, yamepona". Kawapeleka kwa daktari wa nafsi, wakakaa kitako wakazungumza, siku nyengine wakatoka wamekasirikiana.

Usiku mmoja nikamsomea mume wangu ukurasa, nautia Kiswahili huku nasoma. Akasikiliza. Akasema, "Huyu bwana ana maneno mengi." Nikafunga kitabu. Nikazima taa. Kiza kile kile akanambia: kazini kasimamishwa, miezi miwili. Kila asubuhi alikuwa akivaa kanzu yake akenda kukaa Mutrah, pale Corniche, akitazama majahazi mpaka jua lichwe, kisha arudi nyumbani kama mtu aliyetoka kazini.

Nilimpigia makelele, nisikudanganyeni. Si kwa kazi. Kwa ile miezi miwili ya mgongo.

Kwa hiyo bibie Kabati la Chini, wewe ulikuwa na mtoto wa miezi mitatu, usingizi huna, kitabu kikakukuta siko. Kirudie tena baada ya miaka sita.

Siti ya Dirishani (Nairobi)

Mama wa Ruwi, nimenyamaza. Nitalitoa lile la dirishani nilisome.

Ubani wa Ruwi (Muscat)

Liache hapo hapo, hilo silo nililolisifu.

Karani wa Mwanza

Mimi langu ni cha tano. Wengi wanasema kimebanwa, mwandishi alichoka akafunga duka. Sijui kukipima vizuri, kwa sababu kilinikuta wiki ya pili baada ya kumzika mama.

Nilikichukua makusudi, nilitaka mambo mepesi. Chumbani kwao, nguo nzuri, ugomvi wa wivu. Nani angenionya kwamba kuelekea mwishoni mama yake Eva anakufa? Tena yule Monica ambaye vitabu vinne tulimsema: mama wa mapambo, anaolewa na matajiri, anamfuatilia binti hadi kwenye simu. Halafu akishakufa ndipo Eva anagundua mama alikuwa na maisha mazima aliyoyaficha.

Kasoro yake naiona. Mimi nilitaka matanga. Nilitaka Eva akae chini kwenye mkeka, watu waingie na kutoka, sukari iletwe, arobaini ifike. Kitabu kina haraka ya kumaliza. Yaani msiba mzito kama ule umewekwa kama mzigo wa mwisho kwenye basi linaloondoka.

Ila wiki hiyo hiyo tulifungua sanduku la mama. Chini kabisa, chini ya vitenge, tulikuta kadi ya kliniki ya mtoto ya mwaka 1983. Uzito umejazwa mara nne, halafu mistari mitupu. Jina si langu wala la ndugu yangu yeyote. Baba alishatangulia, hakuna wa kuuliza. Dada yangu mkubwa ameihifadhi. Kitabu sijakirudia.

Kabati la Chini (Dar es Salaam)

Pole sana shosti wangu. Pole.

Ubani wa Ruwi (Muscat)

Mungu amrehemu, na huyo mtoto pia.

Mgeni Njaa

Poleni. Ila mmenisimulia mwisho wote, na sijaanza hata cha kwanza.

Kabati la Chini (Dar es Salaam)

Kitabu cha 2016 kaka, ungekuja mapema.

Nirudi kwa Mama Ruwi. Hasira zangu kwa Gideon nimepunguza robo. Robo tatu nabaki nazo, maana hata mwanaume akisema ya moyoni si lazima aseme mara tisa ukurasa mmoja. Nilitaka nikianze tena usiku huu lakini nimekumbuka hosteli: tukifika sura ya mwisho ya cha tatu, mwenye zamu alikuwa anaisoma kwa sauti, vyumba sita tumebanana kitanda kimoja, mtu akicheka anapigwa mto. Cha nne sikumsomea mtu. Nadhani na hilo limo kwenye hesabu. Nimewatumia wale wa hosteli ujumbe, wawili wamejibu, mmoja yuko Dodoma anasema cha nne anacho na hajawahi kukifungua.

Kaka Itaendelea, daftari la kalamu nyekundu litafungwa lini?

Itaendelea (Morogoro)

Nimeshaongea na mama wa Ifakara. Ameniruhusu kufika 120, ndoa ifungwe, wahamie Mikumi kama nilivyoahidi. Sehemu ya 113 inatoka leo saa tatu usiku. Hakuna chumba. Wanapika.

Mgeni Njaa

Namba ya kutuma hela ni ipi?