Pawa saplai ya king'amuzi: 5V imetulia, 12V inazama besi ikigonga

kijana_wa_risasi
Habari wakuu. Nimechomoa pawa saplai kwenye king'amuzi kibovu, ina 5V na 12V. 5V inalisha bodi ndogo ya Bluetooth, 12V inalisha ampu (kikuza sauti). Sauti ikiwa chini, shwari. Nikiongeza, besi ikigonga 12V inashuka hadi 9 na spika zinakoroma. Cha ajabu 5V haitikisiki kabisa. Transfoma imechoka au?

mzee_wa_mita
Badilisha kapasita za upande wa pili, yaani upande wa transfoma unaotoa 5V na 12V. Zikikauka, hata bila kuvimba, volti zinalala ukiweka mzigo.

kijana_wa_risasi
Nimeshaweka mpya mkuu, hali ni ileile.

fundi_sauti
Transfoma haina kosa. Fuata rezista inayoingia mguu wa REF (wa kupimia volti) wa TL431, kile kijisehemu kinacholinganisha volti, utakuta inatoka 5V peke yake. Huko ndiko IC inayoendesha saplai inakopata taarifa, kupitia optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga). 12V haina wa kuisemea. Bodi yako ya Bluetooth inanyonya kidogo mno, kwa hiyo IC inaona 5V imeshiba, inapunguza kazi, ampu inabaki na njaa. Hakikisha hivi: weka rezista ya omu 10, wati 5, kati ya 5V na graundi. Itakula nusu ampea na 12V itapanda. Inachemka, iweke mbali na kapasita.

mama_saketi
Kwa kupima sawa, ila kuiacha humo ni kuchoma wati 2.5 bure. Mimi ningeipa na 12V usemi kwenye REF. REF hukaa kwenye volti 2.5. Toa rezista za zamani, weka 3.6k (omu 3,600) kutoka 5V, 33k kutoka 12V, zote ziingie REF, halafu 5.1k mbili sambamba kwenda graundi. Hapo 5V ina usemi wa asilimia 70 hivi, 12V inabaki na 30. 5V nayo itaanza kucheza kidogo, hilo huliepuki. Na kabla hujagusa bodi, imalize chaji yote kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, ile hukaa na volti 320 hata ukishachomoa plagi.

kijana_wa_risasi
Omu 10 imefanya kazi, 12V sasa haishuki chini ya 11 na mkoromo umeisha. Nataka kuhamia njia ya mama_saketi, ila dukani 5.1k hakuna. 4.7k mbili je?

mama_saketi
Weka tu. 5V itapanda hadi 5.2 hivi na 12V kwenye 12.5. Angalia tu ampu yako inavumilia.