Tupeane uzoefu: maskani yenu ya santuri ilifungwa vipi, na mlihamia wapi?

Mpenda Sebene
Wadau, jana nilikuwa napita pale mjini Nairobi, Kenyatta Avenue inapokutana na Muindi Mbingu, kijana mmoja anapiga wimbo wa bendi ya Les Wanyika kwenye simu, nikasimama kama nimeitwa jina. Hapo ndipo palikuwa baa ya Simmers. Kila Ijumaa baada ya kazi bendi inapiga, na meza ya pembeni kuna wazee watatu wanne wenye mifuko ya karatasi, wanabadilishana santuri. Siku nilipokuta pamelazwa chini nilirudi steji ya matatu bila kula. Sisi wa santuri tuko wachache, na pa kukaa panazidi kupungua. Kila mtu aseme ya kwake.

Kijana wa Jericho
Umenigusa. Ile meza naikumbuka.

Mzee Milimani
Na klabu ya Starlight mmeisahau? Bendi ya Virunga ya Samba Mapangala ikiwa moto, hupati hata pa kuegemea.

Sahani 45
Samahani wazee wangu, Simmers na Starlight zilikuwa za bendi. Mada ni santuri.

Mzee Milimani
Mwanangu, santuri tulikuwa tunanunua mchana kwa sababu usiku tuliisikia bendi. Huwezi kuvitenganisha.

Binti Makongeni
Sikupanga kuandika, lakini hii mada imenitoa usingizini.

Nyuma ya Jogoo Road kulikuwa na baa ya mama mmoja, vyumba viwili na ua wenye mwembe. Santuri zake zilikaa kwenye kreti za soda, zaidi ya mia tatu, nyingi zile ndogo za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Hugusi mashine ya kuzipigia kabla ya kunawa mikono. Marehemu baba ndiye alikuwa mgeuzaji. Mnajua wimbo wa 45 unavyokatwa: upande wa kwanza mnaimbiwa, ukianza kunoga sindano imefika mwisho, sebene lote, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, liko upande wa pili. Baba anainua mkono wa mashine, anageuza, anapuliza vumbi, anashusha. Watu wanamsubiri katikati ya sakafu, hakuna anayerudi kukaa. Alipofariki, kazi hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani na hakuna aliyenisumbua.

Mwenye ploti akauza, ijengwe ghorofa. Tuliambiwa mwisho wa mwezi. Tingatinga likaja tarehe kumi na nane, saa kumi na moja alfajiri. Mama mwenye baa alinipigia simu hasemi kitu, analia tu, na nyuma yake nasikia mngurumo. Nilifika na malapa. Ukuta wa mbele ulikuwa umeshaanguka, mvua inanyesha, kreti ziko chini ya mwembe zimefunikwa kwa kitambaa cha meza. Kitambaa cha meza! Tukamsimamisha jamaa wa mkokoteni, akataka mia tano. Alipoona mzigo ni santuri akasema mia mbili inatosha, babake alikuwa na mashine.

Majalada yalikuwa yameshikana. Ukivuta moja, uso wa mwanamuziki Franco unabaki nusu huku nusu kule. Santuri tuliziosha kwenye mabeseni siku tatu. Kreti moja ilibaki ndani. Niliporudi mchana nikakuta vipande vinameta kwenye matope, na lebo moja nzima yenye alama ya kalamu nyekundu. Baba aliweka alama hiyo kwenye kila santuri aliyomletea Mama. Ninayo kwenye pochi hadi leo.

Kijana wa Jericho
Pole sana dada. Mama yuko wapi sasa?

Fundi Sindano
Uliosha na nini?

Mpenda Sebene
Fundi, ngoja kwanza. Dada, Mama yuko wapi?

Binti Makongeni
Yuko kwa mwanawe Kitengela. Redio anayo, mashine hana. Fundi, tulitumia maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, bila kugusa lebo.

Sahani 45
Sabuni hapana! Kitambaa kikavu tu.

Fundi Sindano
Kitambaa kikavu kinasukuma vumbi ndani ya mifereji, sindano inalisaga humo humo. Dada alifanya vizuri. Zikauke kivulini, kisha zisimame wima. Ukizilaza kwa rundo au ukiziacha dirishani, zitapinda kama bakuli.

Mtu wa Ngara
Mimi zangu nilimuuzia mnunuzi kutoka Ulaya. Sitaki kuficha.

Sahani 45
Ndiyo maana tunatafuta muziki uliorekodiwa hapa hapa Nairobi hatuupati! Nyinyi ndio mnatumaliza.

Mtu wa Ngara
Karo ya mwanangu ilikuwa imechelewa mihula miwili, ndugu. Ulikuwa wapi? Na niliwauliza watu wa hapa kwanza, kila mmoja akanitajia bei ya chai.

Mzee Milimani
Acheni kurushiana. Mwaka 2021 UNESCO waliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi. Mangelepa, bendi ya rumba hiyo, walianzia Nairobi hii hii, 1976, na leo hatuna hata chumba cha kuwasikilizia. Hilo ndilo linaloniuma.

Wa Ngumo
Mbona mnalia kama vyote vimekwisha? Nendeni Kenyatta Market, kibanda 570, cha santuri. Unawapita wasusi, unaufuata moshi wa nyama choma, utaisikia rumba kabla hujaiona.

Kijana wa Jericho
Au tukutane nyumbani kwa zamu.

Fundi Sindano
Nyumbani usijaribu. Nilihamishwa ploti mbili kwa ajili ya mlio wa besi.

Wa Ngumo
Jaribuni, ila mpikieni jirani.

Mpenda Sebene
Binti Makongeni, kuna santuri Mama anaitafuta?

Binti Makongeni
Kuna moja ya Mangelepa. Upande wa sebene umechubuliwa na kokoto, sindano inaruka pale pale gitaa linapoingia. Huwa anaimalizia kwa mdomo.

Mtu wa Ngara
Ukiniambia namba iliyo kwenye lebo nitaangalia. Kuna chache sikuuza. Nina moja ya Mangelepa ambayo upande wa kwanza umekwisha, wa pili ni mzima.

Binti Makongeni
Nakutumia sasa hivi. Ikiwa ndiyo, Jumamosi nitamleta Mama sokoni.

Sahani 45
Nitakuwepo. Na nani ana kile kiplastiki cha kuziba tundu kubwa la 45? Changu kimepotea.