Nagant iliyobadilishwa silinda: mbona risasi fupi zinapoteza kasi?

Msukuma_Houston
Wakuu, habari za wikiendi. Nina Nagant M1895, ile bastola ya silinda ya Mrusi. Risasi zake halisi, 7.62×38R, huku Texas ni ghali na hazipatikani kirahisi, kwa hiyo nikanunua silinda ya pili iliyotobolewa kwa .32 ACP, risasi nyingine iliyo fupi. Boksi limeandikwa futi 900 kwa sekunde, mashine ya kupimia kasi inasoma 750 na kidogo. Jamaa yangu ana Walther PP, bastola isiyo na silinda. Risasi za boksi lilelile, kwake zinakaribia 880, na mtutu wake ni mfupi kuliko wangu! Hizo futi zinapotelea wapi?

Kifaru
Mtutu umechoka huo mkuu. Bibi kizee wa kivita. Uza.

FundiSaa_Tanga
Kifaru, usimuuzie mwenzio mali yake kabla hajaijua.

Mimi ni fundi saa, bunduki ni mapenzi tu, lakini Nagant ningeifungua hata usiku. Ukivuta nyundo, silinda haizunguki tu, inasogea mbele hadi kuugusa mtutu. Halafu risasi yake ya asili ina ganda refu, milimita 38, na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, kimezama chote ndani ya ganda. Mdomo wa ganda unatokeza na kuingia nyuma ya mtutu. Ukifyatua, shaba ya ganda inatanuka na kuziba mwanya kati ya silinda na mtutu, gesi haina pa kuchoropokea. Ndiyo akili ya Léon Nagant hiyo, na inasemwa faida yake ni futi 50 hadi 150 kwa sekunde.

Sasa ganda la .32 ACP lina milimita 17. Silinda yako bado inasogea mbele kama ilivyozoea, ila hakuna shaba ya kuziba. Gesi inapenya pembeni. Weka karatasi nyeupe ubavuni kwenye maungio, utaona masizi.

Hilo ni la kwanza. La pili watu hulisahau: kichwa kinatoka gandani mapema, kinapita kwenye silinda, kisha kinavuka ile sehemu ya nyuma ya mtutu iliyopanuliwa kupokea ganda refu. Njia yote hiyo hakijashikwa na mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha. Nafasi nyuma yake inaongezeka wakati baruti ndiyo kwanza inashika, basi shinikizo halifiki lilipotakiwa.

Na hiyo 900 ya boksi hupimwa kwenye mtutu wa majaribio usio na mwanya. Walther nayo haina mwanya, chemba (tundu la kukalia risasi) na mtutu ni kipande kimoja. Kwa hiyo ulichopima ni sahihi, bastola yako si mbovu.

Msukuma_Houston
Shikamoo mzee. Karatasi nimeiweka, imekuwa kama sufuria ya kuni. Sasa nikijaza maganda mwenyewe nikaongeza baruti kidogo kufidia?

FundiSaa_Tanga
Marahaba. Hapana! Shinikizo hulioni kwenye mashine ya kasi. Gesi inayovuja haimaanishi chemba imepumzika, kishindo cha mwanzo inakipata yenyewe.

Kama unajaza mwenyewe, anza na upana. Hakikisha bastola haina kitu, sukuma kipande cha risasi laini (ile metali) ndani ya mtutu kwa ufito wa mbao, kitoe ukipime kwa maikromita. Vichwa vya .32 ACP huwa inchi .312 au pungufu, mitutu ya Nagant mingi ni mipana zaidi. Ikisoma .314, tafuta vichwa vya risasi laini vya upana huo, uzito uleule, na baruti ibaki ndani ya kipimo cha kitabu cha kujazia risasi. Kasi itapanda kidogo, shabaha itapanda zaidi.

Kifaru
Na hizo .32 ACP akizitia kwenye silinda ya zamani?

FundiSaa_Tanga
Asithubutu. Chemba ile haikuchongewa hizo. Hata .32 S&W Long, risasi nyingine ambayo wengi huitia humo, maganda yake hutoka yamevimba, mengine yamepasuka.

Msukuma_Houston
Nimeelewa. Maikromita ninayo, Jumamosi naleta vipimo.