Tunahama na uzio wa kule bado: lama watatu niwaweke wapi wiki saba?

MAMA ASALI (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Jambo hili limenikalia kichwani wiki mbili, usingizi umeanza kunikimbia, nikaona niwaletee ninyi mnaofuga.

Tumeuza nyumba na mwisho wa mwezi huu tunakabidhi funguo. Nyumba mpya tunaipokea siku tano baadaye. Eneo lake zuri sana, nyasi hadi magotini, lakini hakuna uzio wala banda, na fundi anasema kwa kazi alizonazo hawezi kumaliza kabla ya wiki saba. Sisi watu tutajibana kwa dada yangu hizo siku tano. Kwa dada hakuna pa kuweka mnyama.

Lama wangu, hawa wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia, ni watatu. Bibi ni jike wa miaka 16, mtulivu, siku hizi anachelewa kuinuka asubuhi. Asali ni binti yake, ana miaka 6 na mimba ya miezi tisa. Wa tatu ni Kahawa, dume aliyehasiwa, miaka 8. Tangu Kahawa aje hawajawahi kulala mbalimbali hata usiku mmoja. Nikimtoa Bibi nyuma ya banda kumkata kucha tu, wale wawili wanasimama kwenye uzio wakiguna mmm, mmm, mpaka arudi.

Nimepata sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa mfugaji wa kondoo, malisho safi, ila ana nafasi ya wawili tu, Kahawa nimtafutie kwingine. Ya pili ni zizi la farasi linalopokea wanyama wa watu kwa malipo. Hao wanawachukua wote watatu, lakini mwenyewe kaniambia wazi kwamba hajawahi kumshika lama.

Nichague ipi? Na nimuulize nini mtu kabla sijamwachia wanyama wangu? Aliyewahi kulipitia hili naomba anisaidie.


KAMBA NDEFU

Pole dada. Kwa maoni yangu wagawe. Wiki saba si mwaka. Majike waende kwa kondoo, dume aende kwa farasi. Lama wengi tu wanawekwa mmoja mmoja kwenye makundi ya kondoo wawalinde dhidi ya mbweha na mbwa, na wanaishi vizuri.


ZIZI LA JUU

Kamba Ndefu, nakuheshimu ila hapo sikubaliani nawe. Lama wa ulinzi huwa amezoeshwa, kondoo ndio wamekuwa kundi lake na ana kazi ya kufanya. Kahawa atakuwa ametolewa kwa wenzake, akatupwa kati ya wanyama asiowajua, mahali asipopajua, siku hiyohiyo moja. Lama ni ndugu wa ngamia na kwao ni milima ya Andes, Peru na Bolivia huko. Ni mnyama wa kundi. Mfadhaiko kwake hauishii kwenye kuguna. Unaweza kushuka hadi chumba cha tatu cha tumbo ukaleta vidonda, na lama anajua kuficha ugonjwa. Ukija kumwona amelala pembeni hataki kula, ameshaumwa muda.

Mama Asali, nakuambia haya kwa sababu yalinikuta. Miaka ya nyuma nilihama nikamwacha jike wangu mahali wanapolea wanyama, wiki tisa. Kila nikipiga simu naambiwa anaendelea vizuri, anakula. Picha wananitumia, sufu imejaa, ukimtazama ni mnyama mnene. Siku niliyokwenda kumchukua nikampitishia mkono mgongoni, na vidole vyangu vikazama pande zote mbili za uti wa mgongo. Mifupa mitupu chini ya sufu. Hawakunidanganya wale watu. Walikuwa wanamtazama kila siku na hakuna hata mmoja aliyemgusa. Ilinichukua miezi minne kumrudisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye zizi, lolote lile, ni kama yuko tayari kuweka mkono mgongoni kwa kila mnyama mara moja kwa wiki. Mwonyeshe wewe mwenyewe siku ya kuwapeleka. Ni pale nyuma kidogo ya bega, kidole gumba upande huu wa uti, vidole vingine upande ule. Ukikuta mteremko kama paa la nyumba, yuko sawa. Mteremko ukibonyea kwa ndani, anakonda. Ukikuta pamelala kama meza, amenenepa kupita kiasi. Ni kazi ya nusu dakika.


MAMA ASALI

Zizi la Juu umenitoa machozi. Pole sana kwa huyo jike. Basi kuwatenganisha nimefuta kabisa. Kwa hiyo niende na zizi la farasi? Wasiwasi wangu ni kwamba hawajui kitu kuhusu lama.


DAKTARI WA ZIZI

Nimetibu mifugo miaka mingi, lama na wadogo zao alpaka wakiwemo. Kabla hujaamua, kaa chini upige hesabu ya Asali, maana naona wachangiaji wameiruka.

Lama hubeba mimba karibu miezi kumi na moja na nusu, siku 350 hivi, wengine wanatangulia kidogo na wengine wanachelewa. Asali sasa ana siku kama 270. Ukimpeleka zizini halafu ukamchukua baada ya wiki saba, siku ya kumpandisha tena kwenye trela atakuwa na siku karibu 320. Yaani safari ya pili inaangukia mwezi wa mwisho, na akifika anazaa kwenye uwanja ambao hajauzoea hata kidogo. Mimi sipendi kabisa jike asafirishwe wakati huo kama kuna njia nyingine. Ama umwache hukohuko hadi azae na mtoto apate nguvu, na hapo unaongelea miezi, si wiki. Ama ufupishe kipindi chenyewe, na ningekushauri uanze kutafuta njia hapo.

Kama bado utawapeleka mahali, jambo la kutisha kuliko yote kwenye zizi la wanyama mchanganyiko ni chakula. Kuna vyakula vya ng'ombe na vya kuku vinavyochanganywa dawa iitwayo monensini, na nyingine za ukoo huo. Ng'ombe anazivumilia, lama zinamuua. Farasi pia zinamuua, kwa hiyo mwenye zizi la farasi mzuri anaijua hatari hii, na kwa hilo nampa alama juu ya mfugaji wa kondoo usiyemjua. Muulize hata hivyo. Madini ya kulamba yaliyotengenezwa kwa ng'ombe nayo usikubali, mara nyingi yana shaba nyingi mno kwa lama.

Nyasi kavu peleka zako mwenyewe, marobota ya kutosha siku zote. Lama mzima anakula kama kilo 2 hadi 3 kwa siku kutegemea uzito wake. Kama lazima wahamie nyasi za pale, wachanganyiwe kidogokidogo kwa siku saba hadi kumi. Peleka na ndoo zao za maji wanazozijua. Nimeona lama akigoma kunywa siku nzima kwa sababu chombo kigeni.

Na kabla ya kuondoka, kinyesi cha wote watatu kipimwe minyoo. Kondoo na lama wanaambukizana minyoo inayonyonya damu tumboni. Hata huko watakakokuwa, mlezi anaweza kuvuta chini ukope wa chini wa jicho: ndani pakiwa pekundu au pinki iliyokolea, vizuri. Pakipauka, apige simu kwa daktari palepale, asingoje kesho.

Mwulize daktari wako mapema pia kuhusu cheti cha afya na kibali cha kusafirisha mifugo, kila sehemu ina sheria zake.


FUNDI MBAO

Habarini. Mimi najenga mabanda na nyuzio. Hii hesabu ya wiki saba ndiyo sijaielewa. Dada, hizo wiki saba ni za uzio wa eneo lote, sivyo? Lama watatu hawahitaji eneo lote siku ya kwanza.

Kuna paneli za chuma za kuunganishwa kwa pini, zile wanazofanyia maonyesho ya mifugo. Unaweza kukodi. Chagua zenye urefu wa mita 1.5 kwenda juu, chini ya mita 1.2 usikubali. Watu wawili mnasimamisha zizi la mita 15 kwa 15 asubuhi moja. Banda nalo si lazima liwe kamili. Kuta tatu na paa, upande wa wazi usielekee upepo. Siku mbili za kazi. Mvua isiwapige, jua kali lisiwapige, yatosha kwa kuanzia. Nyasi unawapa za marobota, na fundi wako anaendelea na uzio mkubwa taratibu nje ya paneli.

Seng'enge ya miiba usiweke hata kwa muda. Sufu inanasa, mnyama anahangaika, anachanika.

Ukifanya hivi wiki saba zako zinakuwa siku kumi.


DAKTARI WA ZIZI

Naunga mkono kwa asilimia mia. Safari ya pili inafanyika Asali akiwa na siku kama 280, bado ana zaidi ya miezi miwili ya kuzoea. Nyongeza moja: kabla ya paneli kusimama, lizungukeni eneo lote kwa miguu mkitafuta mimea ya sumu. Mioleanda na rododendro ndiyo ya kuogopa zaidi, hata majani makavu yaliyoanguka. Nyumba zenye bustani za maua huwa nayo karibu na ukuta, na upepo unayabeba.


MAMA ASALI

Jamani. Nimempigia mume wangu kazini nikamsomea ujumbe wa Fundi Mbao neno kwa neno. Sisi tulikuwa tunawaza uzio wote au hakuna uzio, basi. Paneli zinakodishwa, nimeshauliza, zipo.

Zinabaki siku kama kumi za zizi la farasi. Je, farasi na lama wataelewana? Na hao wahudumu niwaachie maelekezo gani?


MTUNZA NJIA

Nina farasi na lama pamoja. Farasi wengine wakikutana na lama mara ya kwanza wanachanganyikiwa kabisa, harufu tu inatosha. Omba uwanja ambao hauna farasi upande wa pili wa uzio siku mbili za mwanzo, na pasiwe na mbwa anayezurura. Hakikisha pia jirani hakuna dume la lama au alpaka ambalo halijahasiwa.

La muhimu kuliko yote kwa watu wa farasi ni hatamu. Wamezoea kuiacha kichwani mwa mnyama na kumvalisha chini kuelekea puani. Lama hupumua kwa pua, na mfupa wa pua yake unaishia mapema, mbele yake ni gegedu laini. Mkanda ukishuka hapo unabana njia ya hewa na mnyama anaruka kama kichaa, halafu watu wanasema lama ni mkorofi. Mkanda ukae juu, karibu na macho. Wakiwa uwanjani wasivae kabisa. Wape hatamu zenu, ya farasi haiwatoshi.

Na chukua ndoo moja ya mavi yao kutoka nyumbani. Nasema kweli. Lama wanajisaidia mahali pamoja, wote. Ukimwaga ile ndoo kwenye kona unayoitaka, watanusa, watajua pao ni pale. Inawatuliza kufika mahali pageni wakakuta harufu yao. Fanya hivyo na kwenye nyumba mpya.

Kwenye trela weka majani mengi sakafuni wasiteleze, usiwafunge kamba, vua hatamu. Safari ikianza wengi wanakunja miguu na kulala wenyewe, usiogope ukiona hivyo. Ondokeni alfajiri kabla ya joto, wote watatu mara moja.


ZIZI LA JUU

Nami naongeza la makubaliano, yaandikwe hata kama mnaaminiana. Daktari gani aitwe, hadi gharama gani wanaweza kuendelea bila kukusubiri, na simu ya nani ipigwe yako isipopatikana, maana siku za kuhama simu inazama kwenye makasha. Na samahani dada kwa hili, lakini Bibi ana miaka 16. Andika nani ana uamuzi endapo atafikia mahali pa kutorudi. Usiwaachie wageni mzigo huo usiku wa manane.


KAMBA NDEFU

Nimesoma yote. Dada, ushauri wangu wa kuwagawa nauondoa.


MAMA ASALI

Asanteni sana, nyote. Kamba Ndefu, usijali, wewe ndiye uliyefungua mjadala.

Leo mchana nimekwenda zizi la farasi na karatasi mkononi. Mwenye zizi amekubali uwanja wa nyuma usiopakana na farasi, na ghalani kwake amenionyesha mfuko mmoja mmoja wa chakula, nimesoma lebo zote. Nilipomweleza habari ya mgongo akaniambia, "Basi nifundishe." Kesho jioni anakuja hapa kwetu kujifunza kwa Bibi, ndiye mvumilivu kuliko wenzake. Kuhusu uamuzi wa Bibi, nimeandika jina la mume wangu. Mimi nisingeweza.

Mkono nimepitisha kwa wote watatu jioni hii na kuandika nilichokuta. Kahawa ni meza. Asali ni paa. Bibi amebonyea kidogo upande wa kushoto na sikuwa nimelijua hilo, kumbe kila siku nilikuwa naitazama sufu. Daktari anakuja asubuhi kuangalia meno yake na kuchukua kinyesi.

Paneli zinapelekwa siku ileile tutakayopokea funguo. Ndoo ya mavi nimeshaitenga, iko nyuma ya banda na mfuniko juu.