Gumzo la Familia: Noah Imechemsha Kitonga

Da Rehema, 09:14
Asalaam aleikum ndugu zangu. Baba Salma amenipigia simu sasa hivi kwamba gari limechemsha walipoanza kuupanda mlima Kitonga, na ndani yake yumo Mama pamoja na vitu vyote vya posa. Wenyeji wetu wa Iringa wanatusubiri saa kumi jioni. Kila mmoja aseme anachangia nini, kwa sababu fundi halipwi kwa dua.

Da Rehema, 09:31
Naona watu kumi na wawili mmesoma na hakuna aliyejibu.

Shemeji Kulwa, 09:33
Gari limesikia kiasi cha mahari kilichotajwa, ndipo joto likalipanda.

Da Rehema, 09:34
Shemeji, utani uuweke akiba mpaka Mama afike. Baba Salma, waeleze wenzako hali ilivyo.

Baba Salma, 09:42
Tangu Mikumi mshale wa joto ulikuwa katikati bila kutikisika, lakini tulipoanza kupanda nyuma ya lori la makontena ukasogea hadi kwenye alama nyekundu. Nilizima kiyoyozi na kufungulia hita mpaka Mama akalalamika. Mshale ukashuka kidogo, kisha ukarudi palepale. Nikageuza gari tukateremka taratibu hadi Mahenge, na sasa tumeegesha chini ya mti. Feni inazunguka, wala hakuna mpira uliopasuka. Fundi wa hapa anasema tuing'oe themostati, tuitupe, tuendelee na safari.

Da Rehema, 09:43
Aing'oe basi, muda unakwenda. Anataka kiasi gani?

Kaka Hamisi, 09:50
Msifungue mfuniko wa rejeta, pale mbele yanapopozwa maji ya injini, kabla injini haijapoa. Yale maji yamo kwenye shinikizo, na yatawarukia usoni.

Da Rehema, 09:52
Nashukuru umejitokeza, Hamisi, kwa maana gari hili lilikaa kwako tangu harusi ya Zawadi hadi baada ya Idi, na lilipotoka hapa lilikuwa na kulanti safi, yale maji maalumu ya kupozea injini. Kilichorudi ndani yake ni maji ya kisima cha Mbagala, ambayo hata chai yake hainyweki kwa chumvi.

Kaka Hamisi, 09:55
Suala hilo lilikwisha nyumbani kwa Shangazi, na mashahidi wamo humu. Kama tunahesabiana, mimi bado nasubiri majibu kuhusu mabati.

Shemeji Kulwa, 09:56
Mabati yamerudi kikundini! Naomba kiti.

Baba Mkubwa, 10:20
Huyo fundi asitupe kitu chochote.

Da Rehema, 10:20
Shikamoo Baba Mkubwa.

Baba Salma, 10:21
Shikamoo Baba Mkubwa. Tunakusikiliza.

Baba Mkubwa, 10:34
Marahaba wanangu. Mlima huo niliupanda kwa malori ya Zambia kabla wengi wenu hamjazaliwa. Themostati ni mlango: injini ikiwa baridi hufungwa, na maji yakifika nyuzi 82, au namba nyingine iliyopigwa juu yake, huanza kufunguka. Ikikwama imefungwa, mpira wa juu wa rejeta huunguza na wa chini hubaki baridi. Lakini rejeta iliyoziba nayo hutoa dalili hiyohiyo, kwa hiyo msihukumu kwa mkono peke yake. Injini ikishapoa, mwaga maji kwenye ndoo uyatazame rangi, toa themostati, ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama lishe, uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Vuta pia stiki ya oili. Ukikuta oili imegeuka nyeupe, gasketi ya hedi, inayozuia maji na oili visichanganyike, imekwisha, na safari imeishia hapo.

Baba Salma, 11:48
Baba Mkubwa, tumefanya ulivyoagiza. Oili ni safi. Themostati ilianza kufunguka mapovu madogo yalipotokea chini ya sufuria, na tulipoiinua ikajifunga yenyewe huku tukiitazama. Maji yaliyomwagika ni ya kahawia, yana magamba ya kutu, na kuna ukoko mweupe mdomoni mwa rejeta.

Da Rehema, 11:49
Ukoko mweupe. Sisemi neno.

Baba Mkubwa, 12:02
Themostati ni nzima, rejeta ndiyo iliyoziba. Kwenye tambarare upepo ni mwingi na injini haifanyi kazi kubwa, kwa hiyo vijia vichache vilivyobaki wazi vinatosha. Mlimani mnatumia gia ndogo, mwendo ni wa kinyonga na mzigo ni mzito, havitoshi tena. Kuing'oa themostati hakuwezi kuzibua vijia hivyo. Rudisheni themostati mahali pake, kisha fundi aifungue rejeta na kusukuma maji safi kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, kinyume cha njia yake ya kawaida. Asitie maji makali ya betri, yaani asidi, kwani yanakula aluminiamu. Mkishajaza maji upya, liacheni gari lingurume hita ikiwa wazi, mpaka hewa yote itoke. Hata hivyo, gari hilo halitapanda Kitonga leo likiwa na mama yenu ndani.

Da Rehema, 12:15
Tumesikia, Baba Mkubwa. Baba Salma, mtafutie Mama nafasi kwenye basi linalopita.

Baba Salma, 12:19
Mama anasema haviachi vitu vya posa na watu asiowajua, na khanga zenyewe ni maboksi matatu.

Kaka Hamisi, 12:26
Iringa yupo mtu anayeuza rejeta zilizotumika za Noah. Naweza kumpigia.

Da Rehema, 12:27
Unampigia kumuuliza bei, au unanunua?

Shangazi, 12:51
Nimeshika simu sasa hivi. Nani amechemka?

Shemeji Kulwa, 12:52
Mimi natoa elfu kumi.

Da Rehema, 13:05
Hamisi?